Saketi nane katika mfereji mmoja: nyaya zilizopikika bila breka kukata

Dalili ya kwanza ilikuwa kifuniko. Mfereji wa plastiki wa kupitishia nyaya, wenye upana wa milimita 50 na kina cha milimita 25, ulikuwa umetoka kwenye bodi ya breka ukafuata ukuta chini kidogo ya dari kwa mita 4. Katikati ya mita hizo nne, kifuniko chake kilikuwa kimepinda na hakishiki tena. Ukikibana upande huu, upande wa pili unafyatuka. Hakuna breka iliyowahi kukata, hakuna taa iliyowahi kufifia, wala hakuna soketi iliyonuka. Mwenye nyumba alitaka kifuniko kipya tu.

Kifuniko kilipotolewa, nyaya za pembeni zilikuwa laini kama kawaida. Zile za katikati ya fungu zilikuwa zimegandana. Ukivuta waya mmoja unakuja na mwenzake, na ganda la plastiki limebaki na alama ya waya uliokuwa umelaliwa. Ukiukunja, ganda jeupe lililogeuka rangi ya chai linapasuka vipasukio vidogo. Hali hiyo ilianza sentimita kama 30 kutoka kwenye bodi, ikazidi katikati, ikaisha pale nyaya zinapoachana kwenda vyumbani.

Mahali uharibifu ulipoanzia na ulipoishia pana maana kubwa. Skrubu iliyolegea kwenye breka au soketi huchoma waya pia, lakini huuchoma karibu na skrubu, na kadiri unavyoondoka hapo ganda linazidi kuwa zima. Hapa mambo yalikuwa kinyume. Nyaya zilikuwa nzima kwenye skrubu zote mbili za mwisho na zimepikika njiani. Uharibifu wa urefu mzima, mkali zaidi ndani ya fungu kuliko nje, unaoishia pale fungu linapotawanyika, chanzo chake ni nyaya kupashana joto zenyewe. Bado skrubu zote zilikazwa na kukaguliwa kwanza, kwa sababu ndiyo hatua rahisi na haipaswi kurukwa.

Ndani ya mfereji kulikuwa na saketi nane za fezi moja, kila moja ikiwa na laivu, nyutro na ethi, yaani nyaya 24 za shaba zenye ganda la PVC lisilotakiwa kuzidi nyuzi 70 za Selsiasi. Volti 230. Mizigo ilipimwa kwa klampu mita jioni, saa ambayo nyumba inatumia umeme kwa wingi, na ya vifaa vya kudumu ikasomwa kwenye vibao vyake:

- Taa, saketi mbili: waya wa 1.5 (milimita za mraba za shaba, na ndivyo kwa waya zote hapa), breka ya ampea 10, mzigo ampea 0.9 kila moja.
- Soketi za sebuleni na vyumbani: waya wa 2.5, breka 20, mzigo 8.
- Soketi za jikoni: waya wa 2.5, breka 20, mzigo 17 (birika, maikrowevu, friji na blenda kwa pamoja).
- Kiyoyozi: waya wa 2.5, breka 16, mzigo 5.5.
- Tangi la maji moto la kilowati 3: waya wa 2.5, breka 16, mzigo 13.
- Jiko la umeme la kilowati 9.2: waya wa 6, breka 32. Sahani zote zikiwaka ni ampea 40, ila kwa jiko la nyumbani huhesabiwa ampea 10 za kwanza kamili na asilimia 30 ya zinazobaki, kwa hiyo 19.
- Shawa ya kupasha maji papo hapo, kilowati 7: waya wa 6, breka 32, mzigo 30.4.

Ukiisoma orodha hii saketi mojamoja, huoni kosa. Jedwali la kawaida la nyaya mojamoja zilizo ndani ya bomba au mfereji ukutani, kwa saketi ya fezi moja, linatoa ampea 17.5 kwa waya wa 1.5, 24 kwa wa 2.5, 32 kwa wa 4, 41 kwa wa 6, 57 kwa wa 10 na 76 kwa wa 16. Kila breka katika orodha iko chini ya namba ya waya wake. Fundi aliyefunga alichagua nyaya kwa utaratibu huo, akaishia hapo. Namba hizo, hata hivyo, zina masharti mawili ambayo hayaandikwi kwenye rola ya waya: saketi iwe peke yake, na hewa inayouzunguka mfereji iwe na nyuzi 30. Masharti yote mawili yalikuwa yamevunjwa.

Hewa chini ya dari ilipimwa ikawa nyuzi 35. Kwa PVC ya nyuzi 70, kipunguzo cha joto la mazingira, yaani namba ya kuzidisha uwezo wa waya, kwa nyuzi 35 ni 0.94 (nyuzi 40 ni 0.87, nyuzi 45 ni 0.79). Inafaa kupima palepale mfereji unapopita, kwa sababu chini ya dari huwa na joto kuliko usawa wa kifua.

Kipunguzo cha kundi ndicho kilichosahauliwa kabisa. Jedwali la IEC 60364-5-52, kiwango cha kimataifa cha ufungaji wa nyaya, ambalo BS 7671, kiwango cha Uingereza, nayo inalifuata, linatoa kwa nyaya zilizofungwa pamoja ndani ya mfereji au bomba: saketi mbili 0.80, tatu 0.70, nne 0.65, tano 0.60, sita 0.57, saba 0.54, nane 0.52, tisa 0.50. Kinachohesabiwa ni saketi, si nyaya. Laivu na nyutro yake ni saketi moja, na ethi haibebi mkondo wakati wa kazi ya kawaida kwa hiyo haimo. Anayehesabu nyaya 24 atatafuta kipunguzo ambacho hakimhusu.

Kwa hiyo waya wa 2.5 katika mfereji huu haukuwa waya wa ampea 24. Ulikuwa wa 24 × 0.52 × 0.94, yaani ampea 11.7. Waya wa 6 haukuwa wa 41 bali wa 20. Soketi za jikoni zilikuwa zinavuta 17 kwenye waya wa 11.7, na shawa 30.4 kwenye waya wa 20.

Je, breka ilikuwa wapi? Ilikuwa kazini, na haikuwa na kosa. Breka inapima mkondo unaopita ndani yake tu, haina habari ya joto la fungu lililoko mita mbili mbele. Breka ya nyumbani ya ampea 20 inaruhusiwa kubeba mara 1.13 ya namba yake, ampea 22.6, kwa saa nzima bila kukata, na inalazimika kukata ndani ya saa moja mkondo ukifika mara 1.45, ampea 29. Kwa ampea 17 haitakata hata mwaka uishe. Ndiyo maana breka huchaguliwa baada ya kupunguza uwezo wa waya, si kabla.

Joto la waya hupanda kwa mraba wa mkondo, si kwa mkondo wenyewe. Ampea 17 kwenye waya wa 11.7 ni mara 1.45, na mraba wake ni mara 2.1. Kama saketi zote nane zingezidishiwa kwa kiwango hicho, ongezeko linaloruhusiwa la nyuzi 35 lingefika takribani 74, na shaba ingekuwa na nyuzi zaidi ya 100. Haikufika huko kwa sababu taa na kiyoyozi vilikuwa vimepoa, na shawa haiwaki saa nzima. Lakini PVC haihitaji nyuzi 100 ili iharibike. Ikipita 70 kila jioni, kilainishi kilichomo ndani yake hutoka polepole, plastiki inakuwa kavu, na siku moja waya ukiguswa ganda linapasuka.

Ni vizuri kuuona mgawanyo wa joto lenyewe. Jozi ya laivu na nyutro ya waya wa 6, ikiwa moto, ina ukinzani wa takribani omu 0.0073 kwa kila mita ya njia, ya 2.5 ni 0.018, ya 1.5 ni 0.029. Zidisha kwa mraba wa mkondo: shawa inamwaga karibu wati 6.7 katika kila mita ya mfereji, soketi za jikoni 5.2, tangi la maji 3, jiko 2.6, soketi za vyumbani 1.2, kiyoyozi 0.5. Taa? Wati 0.02. Saketi mbili za taa pamoja hazifikii wati 0.05. Jumla ni kama wati 19 kwa mita, wakati waya wa 2.5 ukiwa peke yake mfereji mzima, na ampea zake 24 kamili, hutoa wati 10. Mfereji uleule umepewa karibu mara mbili ya joto, na karibu theluthi moja inatoka kwenye saketi moja.

Hesabu ya haraka ambayo wengi huifanya, na kisha kuikimbia, ni hii: gawanya namba ya breka kwa vipunguzo vyote. Kwa saketi nane ni kugawanya kwa 0.52 × 0.94, yaani 0.489. Breka ya 32 inadai waya wenye ampea 65.5 kwenye jedwali, ambao ni wa 16. Soketi za jikoni zinadai 40.9, waya wa 6. Waya wa 16 hauingii kwenye skrubu za majiko mengi, na waya wa 6 kwenye soketi ni mateso. Fundi akiyaona majibu hayo husema jedwali ni la watu wa ofisini, akarudi kwenye namba za mwanzo. Kosa lake si kugawanya. Ameacha hesabu katikati.

Hatua inayofuata ni kuondoa saketi zisizochangia joto. Kiwango chenyewe kinaruhusu: waya ambao kwa matumizi yanayojulikana hautabeba zaidi ya asilimia 30 ya uwezo wake uliokwisha kupunguzwa kwa kundi, hauhesabiwi unapotafuta kipunguzo cha wenzake. Uwezo wa waya wa taa uliopunguzwa ni 17.5 × 0.489, ampea 8.6, na asilimia 30 yake ni 2.6. Taa za LED za ampea 0.9 ziko chini sana, zinatoka. Kiyoyozi je? Asilimia 30 ya 11.7 ni 3.5, nacho kinavuta 5.5, kwa hiyo kinabaki. Wapo wanaochukua asilimia 30 ya namba ya breka, au ya namba ya jedwali kabla ya kupunguza, wakatoa saketi zisizostahili kutoka. Msingi ni uwezo uliopunguzwa. Na taa zikitoka kwenye hesabu ya wengine hazijasamehewa yao: nazo ziko katikati ya joto la fungu, kwa hiyo breka zake za ampea 10 zilibadilishwa kuwa za 6. Hapo 6 ÷ 0.489 ni 12.3, chini ya 17.5, na zimekaa salama.

Zimebaki saketi sita, kipunguzo 0.57. Bado shawa haipiti: 30.4 ÷ (0.57 × 0.94) ni 56.7, inataka waya wa 10, wenye 57. Pendekezo la kwanza lililotolewa pale nyumbani lilikuwa hilohilo: vuta waya wa 10 wa shawa, rudisha kwenye mfereji uleule, funga kifuniko kipya. Linasikika la busara. Ni baya.

Jedwali la kundi limetengenezwa kwa nyaya zinazofanana. Unaruhusiwa kuzihesabu zinafanana kama ukubwa wake haupiti hatua tatu zinazofuatana. 2.5, 4 na 6 ni hatua tatu, zinakubalika. Ukileta 10 zinakuwa nne, na jedwali halikuhusu tena. Kwa nyaya za ukubwa mchanganyiko ndani ya mfereji, kanuni ya upande wa usalama ni 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya saketi. Kwa sita ni 0.41. Sasa shawa inadai 30.4 ÷ (0.41 × 0.94), karibu ampea 79, na hata waya wa 16 wenye 76 hautoshi. Umenunua shaba zaidi na umerudi nyuma ya ulipoanzia. Sababu ya ukali huo ni ya kweli: waya mnene unaweza kubeba mkondo mkubwa bila yeye kuumia huku jirani yake mwembamba akibeba joto ambalo hakulizalisha.

Dawa ya kundi ni kulitawanya. Hapa ndipo mawazo yanapaswa kuanzia, kabla ya kufungua orodha ya bei za waya.

Shawa ilitolewa kwenye mfereji na kupewa bomba lake la milimita 25, likiwa na nafasi ya milimita 100 kutoka kwenye mfereji. Kanuni inayofuatwa ni kwamba kebo mbili zikiachana kwa mlalo zaidi ya mara mbili ya kipenyo chake, hazihesabiwi kundi. Kwa bomba la milimita 25 hiyo ni zaidi ya 50, na 100 zilichukuliwa kwa sababu ukuta uliruhusu. Peke yake, waya wa 6 una 41 × 0.94, ampea 38.5. Breka ni 32. Umepita, tena kwa ukubwa uleule wa waya uliokuwa umeshindwa. Kwa ampea 30.4 mfululizo, hesabu inautabiria joto la takribani nyuzi 57 hewa ikiwa 35.

Jiko na soketi za jikoni zinaelekea chumba kimoja, kwa hiyo zilipewa bomba la pili la milimita 32, upande wa pili wa mfereji, kwa nafasi ileile. Saketi mbili, kipunguzo 0.80, mara 0.94 ni 0.752. Soketi za jikoni ni saketi ya kutokuaminiwa: mtu anaweza kuchomeka chochote wakati wowote, na jirani yake katika bomba hilo ni jiko linalowaka saa zilezile. Kwa hiyo ilihesabiwa kwa ukali wote: 20 ÷ 0.752 ni 26.6, waya wa 2.5 umeanguka, wa 4 wenye 32 unapita. Je, kushusha breka iwe 16 na kubaki na 2.5? 16 ÷ 0.752 ni 21.3, waya ungepita, lakini mzigo ni 17, zaidi ya namba ya breka yenyewe. Waya wa 4 ulivutwa mpaka soketi ya kwanza tu. Kuanzia hapo saketi iko peke yake, na waya wa 2.5 peke yake una 24 × 0.94, ampea 22.6, unaotosha breka ya 20. Kinachotakiwa ni kuhakikisha kwamba tundu la skrubu la soketi hiyo linapokea waya mmoja wa 4 na mmoja wa 2.5 bila kukata nyuzi za shaba ili ziingie.

Jiko nalo, kwa kugawanya kwa kawaida, linadai 32 ÷ 0.752, ampea 42.6, na waya wa 6 una 41. Limekosa ampea moja na nusu. Hapa kuna hesabu ya pili ambayo BS 7671 inaitoa kwa saketi za kundi ambazo hazitarajiwi kuzidiwa mzigo kwa wakati mmoja. Inadai vitu viwili. Kwanza, mzigo ugawanywe kwa vipunguzo vyote: 19 ÷ 0.752 ni 25.3, sawa. Pili, chukua mraba wa breka, ongeza 0.48 mara mraba wa mzigo mara (1 toa mraba wa kipunguzo cha kundi) gawanya kwa mraba wa kipunguzo hicho. Tafuta kipeuo cha pili cha jumla, kisha gawanya kwa kipunguzo cha joto. Kwa jiko: 1024 na 0.27 × 361, yaani 1121.5, kipeuo chake 33.5, gawanya kwa 0.94, ampea 35.6. Waya wa 6 unapita bila wasiwasi. Hesabu hii ni halali hapa kwa sababu jiko lina sahani za kudumu, haliongezeki mzigo wenyewe. Isingetumika kwa saketi mbili za soketi zilizolala pamoja, maana hizo zinaweza kuzidiwa zote mbili usiku mmoja wenye wageni. Ndiyo sababu hasa soketi za jikoni hazikuachwa pamoja na za vyumbani.

Ndani ya mfereji wa zamani zilibaki saketi tano: taa mbili, soketi za vyumbani, kiyoyozi na tangi la maji. Taa zikitolewa kwa kanuni ya asilimia 30 (sasa uwezo ni 9.9 na kikomo ni karibu 3, bado ziko mbali), zinabaki tatu, kipunguzo 0.70, mara 0.94 ni 0.658. Tangi la maji ni kipashio cha kudumu kisichoweza kuzidiwa mzigo. Elementi ya kilowati 3 haivuti zaidi ya kilowati 3. Kwa mzigo wa namna hiyo kinachotazamwa ni mzigo wenyewe: 13 ÷ 0.658 ni 19.8, waya wa 2.5 unatosha, na breka ya 16 inabaki kwa ajili ya shoti. Soketi za vyumbani, ambazo sasa ndizo soketi pekee mfereji mzima, kwa hesabu ya pili zinadai 22.1 kwa breka ya 20. Kiyoyozi kinadai 17.5. Vyote viko chini ya 24, kwa waya uleule wa 2.5.

Mfereji haukubadilishwa kuwa mkubwa. Swali hilo huulizwa kila mara, na jibu linachanganya watu: nyaya zilikuwa zimejaza takribani theluthi moja tu ya nafasi, chini ya asilimia 45 inayotumika kama kikomo cha kujaza. Kikomo cha kujaza kinahusu kuvuta nyaya bila kuzikwaruza. Hakisemi chochote kuhusu joto, kwa sababu nyaya haziogelei katikati ya hewa ya mfereji. Zinalala chini, moja juu ya nyingine.

Kazi yenyewe ilianza kwa kuzima swichi kuu, kuifunga isiwashwe na mwingine, na kupima kwamba hakuna umeme kati ya laivu na nyutro, laivu na ethi, nyutro na ethi. Nyaya zote zilizogandana zilitolewa, hata zile zilizoonekana nzima kwa nje. Kabla ya kutolewa zilipimwa ukinzani wa ganda kwa volti 500 za DC, na nyingi zilionyesha zaidi ya megaomu 1 inayodaiwa. Kipimo hicho kilikuwa cha kweli na hakikutosha: ganda kavu lisilopasuka bado linazuia umeme likiwa limetulia. Likikunjwa, halizuii. Jicho na vidole vilipewa neno la mwisho.

Vilivyotumika: waya wa 6 kwa shawa, njia ya mita 9, nyaya tatu, mita 27, zikanunuliwa 30, waya wa 4 kwa soketi za jikoni, njia ya mita 6 mpaka soketi ya kwanza, mita 18, zikanunuliwa 20, waya wa 6 kwa jiko na wa 2.5 na 1.5 kwa saketi za mfereji, kwa urefu wa njia mara tatu na nyongeza ya mita moja kila saketi kwa ajili ya ndani ya bodi. Nyaya zilivutwa nzima kutoka bodi hadi kifaa. Kukata waya ulioungua na kuunganisha kipande katikati ya mfereji ni kuweka kiungo mahali penye joto kuliko pote. Laivu na nyutro za saketi moja zilipita bomba moja daima; anayeweka laivu huku na nyutro kule ili kupunguza msongamano anaharibu zaidi, hasa bomba likiwa la chuma, ambalo lenyewe hupata moto kwa sumaku ya mkondo usiokuwa na mwenzake wa kuufuta.

Upotevu wa volti haukuwa tatizo. Shawa kwa mita 9 inapoteza volti 2, chini ya asilimia 1.

Kuna kipande kimoja kilichozua hoja: mabomba yote mawili na mfereji vinapita ukuta wa ukumbini, wenye unene wa sentimita 20, kupitia tundu moja, na humo vinakaribiana. Kiwango kinasema uwezo wa waya unapangwa na sehemu mbaya kuliko zote katika njia yake, lakini kinaachia kipande kinachopita ukutani kisichofikia sentimita 35, kwa kuwa shaba hupeleka joto hilo pande zote mbili. Tundu likaachwa. Ukuta ungekuwa mnene wa nusu mita, matundu matatu yangehitajika.

Baada ya kufunga, mizigo yote iliwashwa kwa pamoja kifuniko kikiwa kimefungwa, na waya wa kipimajoto ukiwa umeingizwa katikati ya fungu. Kupima juu ya kifuniko, au kukifungua kwanza halafu kupima, kunaipa shaba nafasi ya kupoa na kukupa namba ya kukufurahisha. Kipimo huachwa mpaka kisipande tena, na kinachotakiwa ni kubaki chini ya nyuzi 70 kwa hewa ya siku yenye joto, si ya asubuhi iliyopimiwa.

Bodi ina nafasi tatu za breka zilizo wazi, na zitajazwa siku moja. Kwa hiyo hesabu ilipelekwa mbele. Saketi ya nne yenye mzigo ikiingia kwenye mfereji, kipunguzo ni 0.65, tangi la maji linadai 21.3 na soketi 22.4; bado 24 inatosha. Ya tano, 0.60: tangi 23.1, soketi 22.7. Ya sita, 0.57: tangi linadai 24.3, na waya wa 2.5 umeshindwa kwa theluthi ya ampea. Ndani ya mlango wa bodi kuna karatasi iliyobandikwa: mfereji wa dari unapokea saketi mbili tu za vifaa vya kudumu, waya wa 2.5, zikihesabiwa upya kabla ya kufungwa. Saketi ya soketi haiingii. Bomba la shawa haliongezwi kitu.